Kurudi kwenye mbio taratibu: mwongozo kamili wa wiki 12, hasa kwenye suala la kupumzika

Nimeandika hii kwa sababu kila mwaka naona kitu kilekile. Mvua zinakatika mwezi wa nne, hewa inapoa, hapa Dodoma barabara za kuelekea UDOM na kule Iyumbu zinajaa watu alfajiri. Wiki ya kwanza mtu ana furaha, wiki ya pili anaongeza kilomita, wiki ya tatu unamkuta anachechemea kwenye korido za ofisi kule Mtumba, wiki ya nne raba ziko chini ya kitanda na anasema mbio hazikuumbwa kwa ajili yake. Mwaka unaofuata anarudia hivohivo.

Kosa ni moja. Pumzi inarudi haraka, ndani ya wiki chache tu unaanza kuhisi mwepesi, lakini kano na mifupa ya miguu inahitaji miezi. Ni kama umefunga injini ya Fuso kwenye bajaji, injini inavuta kweli ila bodi haijawahi kubeba huo mzigo. Kwahiyo mpango huu unafuata kasi ya mfupa, hata siku ambazo pumzi inakwambia unaweza zaidi.

## Andaa hivi kwanza

- Raba. Mitumba haina shida, ila zikague. Iweke mezani uitazame kwa nyuma, kama imelala upande mmoja basi aliyeivaa kabla yako ameshaimaliza, iache. Alafu ikunje kwa mikono, inatakiwa ikunjike pale vidole vinapoanzia, ikikunjika katikati kama kitambaa soli imekufa. Acha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu.
- Saa au simu ya kuhesabu dakika. Kilomita hatuzihitaji kwa sasa, na ile programu inayokulinganisha na watu wengine izime kabisa kwa wiki 12.
- Daftari dogo na kalamu, vikae pembeni ya kitanda. Hiki ndo kifaa muhimu kuliko raba, utaona huko mbele.
- Njia yenye udongo mgumu uliotulia. Mchanga mzito wa korongo unavuta kano ya kisigino, lami nayo ni ngumu. Udongo ukikosekana kimbia kwenye lami ya mtaa usio na malori, na kule pembezoni angalia mbigili maana zinatoboa soli nyembamba.
- Masaa ya kulala. Naiweka kwenye vifaa kwa makusudi. Kama ratiba yako haina masaa 7 ya usingizi, tafuta kwanza hayo masaa.

## Hatua ya 1: Jua unaanzia wapi

Kama ulisimama chini ya wiki 2, rudi na nusu ya ulichokuwa unafanya kwa wiki moja, alafu endelea, mwongozo huu huuhitaji. Ulisimama mwezi 1 mpaka 3, unaweza kuruka hatua ya 2 ila ya 3 usiiruke. Zaidi ya miezi 3, anza mwanzo hata kama zamani ulikuwa unamaliza kilomita 21, mguu haukumbuki medali.

Wapo wanaotakiwa kupita hospitali kwanza. Mwenye presha au kisukari, aliyewahi kubanwa kifua au kuzimia akiwa anafanya kazi nzito, mwenye ndugu wa damu aliyefariki ghafla kwa moyo akiwa bado kijana, na mtu wa miaka 40 na kuendelea ambaye hajafanya mazoezi kwa miaka mingi. Kupima presha ni dakika chache tu, usione aibu.

Mama aliyejifungua asubiri angalau wiki 12, na kama mkojo unavuja akikohoa au anahisi kitu kizito kinashuka chini, aongee na mtaalamu kabla ya kukimbia hata dakika moja. Hili watu wanalinyamazia sana na linatibika.

Umetoka kuugua malaria? Maliza dozi yote, homa iishe, hamu ya kula irudi, alafu tembea siku kadhaa kabla ya kukimbia. Na ukiwa na homa ya aina yoyote ile usikimbie kabisa, kuna virusi vinavyoweza kushambulia msuli wa moyo, na kukimbia wakati huo ni hatari kweli, sikutishi.

Sasa daftari. Kwa siku 7, ukifumbua macho kabla hujanyanyuka, hesabu mapigo ya moyo kwenye mkono au shingoni kwa sekunde 60 uandike. Tafuta wastani wa hizo siku. Huo ndo mstari wako, tutautumia mpaka mwisho.

## Hatua ya 2: Siku 14 za kutembea tu

Hapa ndo wengi wananiona namchelewesha mtu. Tembea dakika 30, mara 4 au 5 kwa wiki, kwa mwendo wa mtu anayewahi daladala. Basi.

Kutembea kunaamsha kano, nyayo na vifundo bila ule mshindo wa kutua. Ukikimbia, kila hatua mguu unapokea mzigo mkubwa kuliko uzito wako wote, na hatua zenyewe zinahesabika kwa maelfu. Mguu uliokaa kwenye kiti cha ofisi mwaka mzima ukiupelekea hivo siku moja utakulalamikia tu.

Siku 3 za wiki, ukimaliza kutembea, simama kwenye ngazi au tofali, nyanyua visigino juu taratibu na ushushe taratibu, mara 12, pumzika, rudia mpaka ziwe seti 3. Ongeza kukaa na kusimama kwenye kiti bila kushika, mara 10 kwa seti 3. Vigimbi na mapaja ndo vitapokea mshindo badala ya mifupa, kwahiyo usiyaache haya mazoezi hata ukishaanza kukimbia.

Utajua umefanikiwa ukifika siku ya 14 ukatembea dakika 40, na kesho yake hatua ya kwanza ya kutoka kitandani haikuchomi kwenye unyayo wala kisigino. Ikichoma, ongeza wiki moja ya kutembea, hujapoteza kitu.

## Hatua ya 3: Dakika 1 kukimbia, dakika 2 kutembea

Sasa unakimbia. Siku 3 kwa wiki zisizofuatana, mimi napenda Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Anza na dakika 5 za kutembea, kisha kimbia dakika 1 tembea dakika 2, rudia mara 8, malizia na dakika 5 za kutembea. Jumla dakika 34 na ndani yake umekimbia 8 tu, ndiyo, 8 zinatosha.

Kasi yake ipime kwa salamu. Huku kwetu alfajiri lazima utapishana na kina mama wanawahi soko, watakusalimia "Mbukwenyi" na adabu inataka uitikie vizuri, uulize na hali ya nyumbani. Ukiweza kuitikia na kuuliza habari za watoto kwa sentensi kamili bila kukata pumzi, kasi ni sahihi. Ukijikuta unanyanyua mkono tu unapita, umezidisha, punguza.

Mambo ya Dodoma ya kuzingatia hapa. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwahiyo uliyehamia kutoka Dar usishtuke pumzi ikikata mapema siku za mwanzo. Mwezi wa sita mpaka wa nane upepo ni mkali na mara nyingi unatoka mashariki, anza safari ukiwa unaukabili, urudi ukiwa mgongoni, ukifanya kinyume utarudi umelowa jasho, umechoka na upepo unakupiga kifuani. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja jua halina huruma, ikifika saa mbili asubuhi uwe umeshamaliza kitambo. Na alfajiri kukiwa giza vaa nguo nyeupe, kimbia ukitazamana na magari.

Onyo: jogingi ya kikundi Jumamosi bado. Najua inanoga, nyimbo, fulana za kufanana, ila ukiwa kwenye kundi huwezi kutembea dakika 2 wakati wenzako wanaimba na kukuita. Nenda uwashangilie, ukimbie nao baada ya wiki ya 12.

## Hatua ya 4: Siku ya kupumzika ndo zoezi lenyewe

Hii ni hatua inayoendelea mpaka mwisho, nimeiweka hapa kwa sababu ndo inaanza sasa, na ndo inayowashinda watu.

Ukikimbia huwi na nguvu zaidi, unakuwa umejichosha. Nguvu inakuja baadae, ukiwa umelala, umekula, umekaa. Mfupa ukipata mzigo mpya, mwili kwanza unakula sehemu za zamani alafu unajenga mpya, na kujenga kunachukua muda mrefu kuliko kula. Maana yake kuna kipindi cha wiki kadhaa katikati ambapo mfupa ni dhaifu kuliko siku uliyoanza, na kipindi hicho kinaangukia palepale pumzi imeshanoga unajiona uko fiti. Ndo maana wiki ya 3 mpaka ya 5 ya kukimbia ina majeruhi wengi.

Mimi mwenyewe ilinikuta. Nilikuwa nakimbia siku 6 kwa wiki, wiki ya nne nikaanza kuhisi kitu kwenye ugoko wa kushoto, nikasema ni misuli. Jioni moja nimekaa pembeni ya kitanda nikapitisha kidole gumba taratibu kwenye mfupa kutoka chini ya goti kushuka, hakuna kitu, hakuna kitu, nikafika sehemu moja juu kidogo ya katikati, pana kama sarafu ya shilingi 50, nikaruka. Nikajaribu kurukaruka kwa mguu mmoja, sikuweza hata mara moja. Ulikuwa ufa wa mfupa, miezi miwili na nusu bila kukimbia, na mtu niliyempelekea mara ya kwanza aliniambia nichue na dawa ya misuli. Yule kidole gumba alijua kabla ya wote.

Kwahiyo siku ya kupumzika inakuwaje?

Miguu ipumzike kweli. Kutembea taratibu dakika 20 ni sawa. Mechi ya maveterani jioni sio mapumziko. Kushinda shambani unalima sio mapumziko, na hili nalisema hasa kwa msimu wa kilimo, mtu analima Jumamosi na Jumapili huko Chamwino au Bahi, Jumatatu anasema nimepumzika siku mbili. Ukilima, hesabu umefanya zoezi.

Usingizi masaa 7 mpaka 9. Homoni ya ukuaji inayosaidia kurekebisha misuli na mifupa inatoka kwa wingi kwenye usingizi mzito. Mtu anayelala saa sita usiku na kuamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kukimbia anabomoa tu bila kujenga. Ukilala chini ya masaa 5, siku hiyo geuza mbio iwe kutembea, au hamishia jioni, au lala tu.

Kula mapema. Ndani ya masaa mawili baada ya mbio. Chai na andazi havitoshi, weka mayai, maharage, maziwa au karanga. Ugali wa uwele na mlenda wa karanga ni chakula kizuri sana cha mtu wa mbio, ongeza maharage pembeni. Wanaotaka kupungua uzito huwa wanakimbia na kujinyima kwa pamoja, na dada zangu hedhi ikianza kuruka miezi ujue mwili umekosa chakula na mifupa iko hatarini, ongeza kula na umuone daktari.

Maji. Hewa yetu kavu, jasho linakauka kabla hujaliona unadhani hujatoka jasho, alafu ukivua kofia unakuta mistari myeupe ya chumvi. Angalia mkojo, ukiwa wa njano iliyopauka uko vizuri, ukiwa wa rangi ya chai ya rangi umechelewa. Siku za joto kunywa kidogokidogo kutwa nzima, usingoje kubugia lita nzima kwa mpigo.

Na lile daftari: asubuhi mapigo yakiwa juu ya wastani wako kwa 8 au 10, ahirisha mbio siku hiyo. Inaweza kuwa uchovu, msongo wa kazi, au ugonjwa unaokuja. Mimi imeshawahi kunionyesha homa siku moja kabla haijanilaza.

Ukipumzika vizuri utaona: unaamka na hamu ya kukimbia, mapigo yanashuka polepole wiki hadi wiki, hasira zinapungua hata nyumbani wanakwambia.

## Hatua ya 5: Kupanda, na kushuka kila baada ya wiki 3

Hesabu wiki 2 za kutembea kuwa ndo wiki ya 1 na 2. Namba ya kwanza ni dakika za kukimbia, ya pili za kutembea.

- Wiki ya 3: 1 na 2, mara 8
- Wiki ya 4: 2 na 2, mara 6
- Wiki ya 5: 3 na 2, mara 5
- Wiki ya 6: shuka. 2 na 2, mara 5, siku 2 tu
- Wiki ya 7: 5 na 2, mara 4
- Wiki ya 8: 8 na 2, mara 3
- Wiki ya 9: 12 na 2, mara 2
- Wiki ya 10: shuka. 5 na 2, mara 3, siku 2 tu
- Wiki ya 11: dakika 20 mfululizo
- Wiki ya 12: dakika 25, ukijisikia vizuri siku ya mwisho fika 30

Zile wiki za kushuka zinakuwa ngumu kuzitii kwa sababu ndo unajisikia vizuri kuliko zote. Zitii. Hapo ndo mfupa unapata nafasi ya kumalizia ujenzi. Kurudia wiki sio tu kunaruhusiwa, kunashauriwa, kuna dada mmoja kazini wiki ya 5 aliirudia mara 3 na mpaka leo anakimbia wakati wale waliomcheka wameacha.

## Hatua ya 6: Soma maumivu yako

Yape namba kutoka 0 mpaka 10. Ikiwa 0 mpaka 2 na inapungua ukishapasha mwili, endelea. Ikiwa 3 au 4, badilisha iwe kutembea na urudi wiki moja nyuma. Ikifika 5, au inakufanya uchechemee, simama hapohapo hata kama uko mbali, panda bodaboda urudi.

Misuli kukaza siku moja au mbili baada ya mbio ni kawaida, inasambaa eneo kubwa, miguu yote miwili. Unachotakiwa kukiogopa ni maumivu ya kidole kimoja, yale unayoweza kuyafunika kwa ncha ya kidole juu ya mfupa, yanayouma hata ukiwa umelala usiku. Hayo ni hospitali. Na ujue eksirei ya wiki za mwanzo inaweza kuonyesha mfupa mzima wakati una ufa, kwahiyo picha ikiwa safi na bado panauma, usikimbie, rudi tena. Kigimbi kimoja kikivimba na kuwa cha moto, au kifua kikibana, nenda siku hiyohiyo.

Tafadhali msinywe diklofenaki au ibuprofeni ili muweze kukimbia. Inazima kengele huku nyumba inaungua, na ukiwa umepungukiwa maji inaumiza figo. Barafu ndani ya kitambaa dakika 10 mpaka 15 inapunguza maumivu, haiponyi mfupa.

Watu huwa wananitajia John Stephen Akhwari, kwamba mwaka 1968 kule Mexico alianguka, goti likaumia, akafungwa bandeji na bado akamaliza marathoni. Namheshimu mzee yule kupita kiasi. Alikuwa amebeba bendera ya nchi kwenye Olimpiki. Wewe uko Ipagala siku ya Jumanne, na Alhamisi ipo.

## Hatua ya 7: Baada ya dakika 30

Kaa kwenye dakika 30, mara 3 kwa wiki, kwa wiki 3 nzima kabla hujagusa kitu kingine. Kisha ongeza kitu kimoja tu kwa wakati: umbali, au siku ya nne, au kilima, au spidi. Spidi iwe ya mwisho. Ukianza kupanda vilima vya Mlimwa, wiki hiyo usiongeze dakika. Jogingi ya Jumamosi sasa ruksa, ila ihesabu kama moja ya siku zako.

## Ukikatika katikati

Msiba, safari ya kikazi, mtoto kuumwa, lazima kitu kitatokea ndani ya wiki 12. Ukikosa siku moja, iache ipite, usiifidie kwa kukimbia siku mbili mfululizo. Ukikosa wiki, rudi wiki moja nyuma kwenye orodha. Ukikosa wiki 2 au 3, rudi wiki 3 nyuma. Zaidi ya mwezi, anzia wiki ya 3 na hesabu mapigo upya kwa siku 7, maana ule wastani wa zamani utakuwa umeshabadilika.